Pesa ya wageni iandikwe kwenye ritani

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE, DIANI NA UKUNDA*



Zimebaki wiki tatu kufika tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kujaza ritani za ushuru za mwaka uliopita. Kwa kawaida tawi hutuma ujumbe wa mistari miwili kukumbushana tarehe, tukamaliza. Mara hii ujumbe ni mrefu. Ukiwa kazini uhifadhi, uusome jioni. Kuna jambo ambalo kila mtu analijua na watu hulizungumza kwa sauti ya chini barazani: pesa za nyumba za wageni haziandikwi popote.

Hali yenyewe mnaijua. Zamani mgeni wa Diani alilala hoteli. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2017, familia ya Nairobi inashuka Miritini, inapita Dongo Kundu au inavuka Likoni, na kabla ya magharibi imeshafungua mlango wa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya barabara kuu, iliyolipiwa kwa simu kupitia Airbnb au Booking.com. Nyumba hizo nyingi si za matajiri. Ni za wanachama wetu: mwalimu aliyejenga kwa mkopo wa sacco, mama aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe, kijana aliyemalizia chumba cha nyuma cha babake na kukipaka chokaa. Pasaka, Agosti na Desemba pesa inaingia. Kiangazi cha wageni kikija, nyumba inakaa kimya. Hakuna anayekuoneeni kijicho kwa hilo. Ni riziki halali, na tawi linaitetea kila mara inaposemwa kwamba nyumba hizi zinaharibu mtaa.

Basi tuseme na upande wa pili. Pesa hiyo ni mapato, na mapato huandikwa kwenye ritani. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, haimuulizi mtu kama ana kibao mlangoni au kampuni iliyosajiliwa. Inauliza kama amepata faida kwa biashara au amelipwa kwa kumpa mtu mwingine nafasi ya kutumia mali yake. Mgeni akilala usiku mmoja kwa shilingi 4,500, jibu limeshapatikana.

Wapo wanaosema "mimi nimejaziwa ritani, niko sawa". Umejaziwa nini? Kijana wa saiba anachukua shilingi mia mbili, anaandika PIN yako, anabonyeza sifuri na kukupa karatasi. Karatasi ile inasema kwamba wewe, kwa kauli yako mwenyewe, hukupata hata shilingi moja mwaka mzima. Huku M-Pesa yako na akaunti yako ya benki zinaonyesha malipo ya kila wikendi. Aliyetoa kauli ile ni wewe, si kijana wa saiba. Asiyejaza kabisa ana kosa la kuchelewa. Aliyejaza sifuri huku ana mapato ametoa taarifa ya uongo, na hilo ni kosa kubwa zaidi.

*Kodi si ushuru, na asilimia 7.5 si ya kila nyumba*

Lugha yetu hapa pwani inatuchanganya kidogo. Kodi ni anayolipa mpangaji, ushuru ni unaolipa serikalini. Tangu mwaka 2016 kuna ushuru maalum unaotozwa juu ya kodi ya nyumba za makazi. Ulianza kwa asilimia 10, ukashuka hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Unamhusu mkazi wa Kenya anayepata kodi ya zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka, isiyozidi milioni 15. Hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, juu ya kodi yote bila kutoa gharama yoyote. Mwenye wapangaji wa mwezi hadi mwezi pale Ukunda, mlango huo ndio wake.

Wengi wetu tumesikia hiyo 7.5 tukaishika kama dawa ya kila maradhi. Lakini mpangaji wa mwaka na mgeni wa siku tatu si kitu kimoja. Mgeni unampa mashuka, taulo, intaneti, gesi, mtu wa kufagia, pengine na mahamri asubuhi. Hapo unauza huduma. Sheria ya VAT inaonyesha tofauti hiyo waziwazi: inasamehe kodi ya nyumba ya makazi, kisha inasema makazi hayo hayajumuishi hoteli wala malazi ya likizo. Kwa hiyo msimamo wa tawi ni huu: mwenye kupokea wageni wa siku chache ajihesabu kuwa ana biashara, aandike mapato yote na gharama zote kwenye ritani ya mwaka, alipe juu ya faida. Ni njia ya uangalifu, na mara nyingi ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Anayetaka kushikilia 7.5 kwa nyumba ya wageni apate kwanza jibu la maandishi kutoka KRA, si neno la rafiki.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu tutabishana mpaka Desemba.

Chukua nyumba ya shilingi 4,500 kwa usiku, iliyolala wageni usiku 140 kwa mwaka. Mapato ni 630,000. Andika 630,000. Usiandike kilichoingia kwenye simu baada ya programu kukata ada yake. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasema "Airbnb wameshakata chao", kana kwamba ile ni ushuru. Ada ya programu ni ujira wa dalali. Inaingia upande wa gharama pamoja na nyinginezo. Tuseme ada ni 18,900, msafishaji 96,000, stima 54,000, maji 24,000, intaneti 36,000, na mashuka, sabuni na marekebisho madogo 41,100. Jumla ya gharama ni 270,000. Faida ni 360,000.

Kama huna mapato mengine, viwango vilivyoanza Julai 2023 vinasema hivi: 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Shilingi 72,000 zilizobaki hutozwa asilimia 25, yaani 18,000. Jumla 46,800. Kisha unaondolewa nafuu ya kila mtu, 28,800 kwa mwaka. Unachodaiwa ni shilingi 18,000. Kwa nyumba iliyoingiza laki sita na ushei, mtu analazimika kukosa usingizi na kubadilisha namba za simu kila msimu kwa ajili ya shilingi 18,000?

Sasa mpe nyumba hiyohiyo mwalimu anayelipwa 40,000 kwa mwezi. Mshahara wake wa mwaka ni 480,000. Umeshavuka madaraja mawili ya kwanza, na nafuu yake imeshatumika kwenye payslip. Faida ile ya 360,000 inapanda juu ya mshahara na kutozwa asilimia 30, yaani 108,000. Hapo maumivu ni ya kweli na hatutasema vinginevyo. Ndiyo maana mwenye mshahara asisubiri Juni. Anayedaiwa zaidi ya 40,000 kwa mwaka anatakiwa kulipa kwa awamu nne: tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kila Pasaka ikipita, weka pembeni theluthi ya faida kabla haijawa mabati. Na ujaze ritani moja tu, mshahara wa P9 na faida ya nyumba vikiwa pamoja.

Mnaoingiza zaidi ya milioni 1 kwa mwaka, nendeni kwa mhasibu kabla ya kujaza, maana hapo mazungumzo ya ushuru wa mauzo wa asilimia 3 yanaanza. Mkifika milioni 5, VAT ya asilimia 16 inabisha hodi.

Kuhusu gharama, mambo matatu yanawaponza watu.

La kwanza ni ankara. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu ya ushuru, isipokuwa chache kama mishahara. Fundi wa bomba anayekuandikia kwenye kipande cha pakiti ya sigara anakugharimu mara mbili: unamlipa yeye, kisha unalipa ushuru juu ya pesa uliyompa. Mnunue mashuka na rangi kwa wenye eTIMS hata kama ni ghali kidogo.

La pili ni mkopo. Mwanachama anasema analipa sacco 15,000 kwa mwezi na anataka kuitoa yote. Haiwezekani. Riba ya mkopo uliojengea nyumba hiyo ni gharama. Ile sehemu inayorudisha mtaji si gharama, wala mawe na saruji za kujenga ukuta mpya. Vitanda na friji hupunguzwa kidogo kidogo kwa miaka. Omba sacco wakutenganishie riba kwenye karatasi moja, wanafanya hivyo bure.

La tatu ni matumizi yetu wenyewe. Wiki mbili za harusi ambazo ukoo mzima ulilala mle ndani, stima na maji ya siku hizo si gharama ya biashara. Gawanya. Hakuna atakayekuwa dirishani akikuhesabia siku, lakini mwenye daftari lililogawanywa vizuri huaminiwa hata kwa yale mengine.

Nyumba za urithi nazo. Ndugu wanne wakigawana mapato, kila mmoja aandike fungu lake. Mara nyingi ritani inamwangukia yule mmoja ambaye akaunti ni yake, na siku ya kuulizwa wengine wote wako safarini. Andikeni makubaliano, hata ukurasa mmoja, mtie sahihi mbele ya mzee wa mtaa.

*Vijana mnaoangalia nyumba za watu*

Hapa tunaomba msikilize kuliko kwingine kote, maana hatari ni yenu na faida si yenu. Nyumba nyingi za pwani hii ni za watu wanaoishi nje ya nchi. Mwenye nyumba yuko Ulaya, wewe ndiye unayepokea wageni, unabadilisha mashuka, na pesa inapita kwenye laini yako ya M-Pesa. Mwisho wa mwezi unabaki na asilimia yako, nyingine unamtumia yeye au unawalipa mafundi wake.

Mbele ya mkaguzi, laini ni yako na PIN ni yako. Shilingi milioni mbili zilizopita kwa jina lako zitahesabiwa kuwa zako hadi wewe uonyeshe vinginevyo. Na wewe umejaza sifuri. Utamweleza nini? Kwamba mzungu alikwambia usijali?

Fanyeni hivi. Daini mkataba wa maandishi unaosema nyumba ni ya nani, wewe ni wakala, na ujira wako ni kiasi gani. Fungueni laini au akaunti ya nyumba peke yake, isichanganyike na pesa ya nyumbani. Kila mwezi tengenezeni orodha: zilizoingia, zilizolipiwa gharama, zilizotumwa kwa mwenyewe, na ulizobaki nazo. Kwenye ritani andikeni ujira wenu, huo ndio mapato yenu. Orodha ndiyo ngao yenu kwa hizo nyingine. Na mjue pia kwamba kwa mwenye nyumba asiye mkazi wa Kenya, sheria inataka asilimia 30 ikatwe kwenye kodi yake kabla hajalipwa, na anayemtumia pesa ndiye atakayeulizwa kwanza. Mwenye nyumba asiyetaka kuliongea hilo anawatafuta ninyi mbebe mzigo wake. Mwacheni atafute mwingine. Kijana wa Diani asifungiwe akaunti kwa ajili ya villa ambayo hata kuogelea kwenye bwawa lake haruhusiwi.

*"Tulipe ili waibe?"*

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na wanaouliza si wakwepaji tu. Watoto wetu waliandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wapo waliouawa, na mswada ukaondolewa. Chama hiki hakitamwambia mwananchi kwamba pesa yake inatunzwa vizuri, wakati ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zinatoka kila mwaka na tunazisoma.

Lakini tuangalie vizuri wanaoumia tunapoficha. Yule mwalimu wa Msambweni hana pa kujificha. PAYE inakatwa kabla hajaiona, pamoja na asilimia 2.75 ya afya, 1.5 ya nyumba, na NSSF juu yake. Jirani yake mwenye nyumba tatu za wageni anajaza sifuri, kisha wote wawili wanakaa benchi moja pale hospitali ya rufaa ya Msambweni wakingoja daktari. Katiba, Kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Tumekinukuu kifungu hicho kwenye mikutano tukiinyoshea serikali kidole. Kinatuhusu na sisi.

Wala tusidanganyane kwamba shilingi ya ushuru ikilipwa Diani inarudi Diani. Ushuru wa mapato unakwenda serikali kuu, na kaunti zote kwa pamoja zina haki ya angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa Kifungu cha 203. Njia ni ndefu na inavuja. Kuipigania iwe fupi na isivuje ni kazi ya chama, na kazi hiyo inafanywa kwa kura, kwa mahakama, kwa kuhudhuria vikao vya bajeti ya kaunti ambavyo, wacha tuseme ukweli, wanachama wetu waliohudhuria mwaka huu hawakujaza hata matatu moja. Kuficha mapato si maandamano. Mwandamanaji hujitokeza.

Na kuna la siasa yenyewe. Agosti 2027 haiko mbali. Tayari tunawaona wanachama wanaopaka rangi kofia na kuwasalimia watu wasiowajua. Mtu atakayetaka kiti atachunguzwa na wapinzani wake kuliko KRA, na nyumba ya wageni haifichiki: picha ziko mtandaoni, bei iko mtandaoni, maoni ya wageni yako mtandaoni. Kamati ya tawi imekubaliana kwamba viongozi wake wote wenye nyumba za wageni watamwonyesha katibu risiti ya ritani waliyojaza kabla ya tarehe 30. Atakayeomba kuungwa mkono na tawi hili ataombwa hivyohivyo.

Tunayo pia madai yetu kwa upande wa pili, na barua inaandikwa. Mwenye chumba kimoja cha wageni leo anatakiwa kushughulika na KRA, leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, tozo ya asilimia 2 ya Hazina ya Utalii, na kibali cha biashara cha kaunti. Msukumo wa kusajili nyumba hizi ulizidi baada ya wanawake kuuawa kwenye vyumba vya kukodi Nairobi, Januari 2024, na usalama wa mgeni hatuupingi hata kidogo. Tunachopinga ni mama wa chumba kimoja kuzungushwa kama mwenye hoteli ya vyumba mia. Tunataka dirisha moja Kwale, fomu moja, na maelezo kwa Kiswahili. Tutaidai kwa nguvu zaidi tukiwa na majina ya watu waliolipa.

*Kwa aliyechelewa*

Jueni kwamba tarehe 30 Juni ni ya kujaza. Siku ya kulipa salio la mwaka uliopita ilikuwa 30 Aprili. Asiyelipa anaongezewa asilimia 5 mara moja, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa yule wa 18,000, hiyo ni 900 na 180 kwa mwezi, yaani akilipa sasa hivi ni kama shilingi 1,260 juu yake. Inauma kidogo, haiui. Asiyejaza kabisa hadi tarehe ipite anatozwa 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, yoyote iliyo kubwa.

Waliojaza sifuri miaka iliyopita wanaweza kurekebisha ritani zao wenyewe. Sheria inaruhusu hadi miaka mitano nyuma. Dirisha la msamaha wa adhabu na riba lilifungwa 30 Juni 2025, na msikubali mtu awauzie maneno kwamba ana njia ya kulifungua. Anayejirekebisha kabla ya kuitwa yuko mahali pazuri kuliko anayeitwa. Rekodi zenu zihifadhiwe miaka mitano.

Jumamosi mbili zijazo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, ofisi ya tawi itakuwa wazi kwa wanaotaka kusaidiwa kujaza. Wahasibu wawili ambao ni wanachama wamejitolea, bila malipo. Njoo na kitambulisho, PIN na nywila ya iTax, taarifa ya M-Pesa na ya benki ya Januari hadi Desemba, ripoti ya mapato ya mwaka kutoka kwenye programu unayotumia, ankara zako, na P9 kama umeajiriwa. Kina mama wasiotaka hesabu zao zionekane na majirani wamwambie katibu, watapangiwa saa yao jioni. Nywila andika mwenyewe, usimpe mtu, hata sisi.

Msambazieni pia jirani mwenye nyumba asiye mwanachama.

Imetolewa na Kamati ya Tawi, Diani na Ukunda.